Msahihishaji Si Hadhira

Juni 1962 waandishi wa Kiafrika waliokuwa wakiandika kwa Kiingereza walikutana katika Chuo cha Makerere, Kampala. Walikuwapo Chinua Achebe, Wole Soyinka, Christopher Okigbo na Ezekiel Mphahlele, na kutoka Marekani alifika mshairi Langston Hughes. Miongoni mwa walioalikwa alikuwamo mwanafunzi wa chuo hichohicho, siku hizo akiitwa James Ngugi, ambaye hakuwa amechapisha kitabu hata kimoja. Alipata nafasi kwa hadithi fupi mbili: moja ilitoka katika jarida la Transition, nyingine katika Penpoint, jarida dogo la Idara ya Kiingereza lililoanza 1958. Shaaban Robert, aliyekwisha kuandika mashairi, riwaya na insha za kujaza rafu, hakualikwa, kwa kuwa aliandika Kiswahili. Mwezi huohuo akafariki dunia. Miaka mingi baadaye Ngũgĩ mwenyewe alikirudia kisa hicho katika Decolonising the Mind, kuonyesha jinsi lugha ya mkoloni ilivyofanywa tiketi ya kuingilia ukumbini. Hoja yake ni ya haki. Lakini kisa hicho kina upande wa pili usiosemwa sana. Mwanafunzi yule aliingia kwenye jukwaa kubwa kwa kuwa palikuwa na jukwaa dogo la wanafunzi lililotangulia. Hadithi ambayo ingeishia mezani kwa mhadhiri, ikapewa alama na kurudishwa, ilikuwa imekwisha kusomwa na watu wasioshika kalamu nyekundu.

Tangu 2020 makongamano ya wanafunzi mtandaoni yamekuwa jambo la kawaida. Chuo hutangaza mada, wanafunzi hutuma ikisiri zao, na siku ikifika kila mmoja hupewa dakika kumi au kumi na tano mbele ya kamera. Huyu anaeleza matokeo ya utafiti wake wa maji ya visima, yule anasoma mashairi yake, mwingine anaonyesha filamu fupi. Maswali mawili matatu yanaandikwa pembeni ya skrini, mwenyekiti wa kikao anashukuru, anaitwa anayefuata. Wapo wanaosema huu ni mwanzo mpya kabisa wa elimu ya juu, na wapo wanaosema ni kivuli tu cha kongamano la kweli. Wote wanahukumu chombo kabla ya kuuliza kinabeba nini. Wanafunzi wa Afrika Mashariki wamekuwa wakitoa utafiti na sanaa zao hadharani kwa zaidi ya miaka sitini, kwa vyombo duni kuliko simu ya mkononi ya leo, na ukiifuatilia historia hiyo unaona kwamba kazi ya mwanafunzi ilipata uzito pale tu ilipokutana na msikilizaji asiyempa alama, mwenye uwezo wa kuijibu: kuicheka, kuikana, kuiandikia makala ya kuipinga, hata kuipiga marufuku. Hicho ndicho kipimo ninachotaka kukitumia kwa kongamano la mtandaoni, na ili kukitumia ipasavyo ni lazima kwanza turudi nyuma.

Penpoint lilikuwa jarida la watu waliojuana. Mwandishi alikaa bweni moja na msomaji wake, na wote wawili walifundishwa na walimu walewale. Hata hivyo lilitosha kuanzisha jambo: mwaka 1965 David Cook, mhadhiri wa Makerere, aliweza kukusanya maandishi yaliyokua katika mazingira hayo na kuyatoa London kwa jina la Origin East Africa. Novemba 1962 wanafunzi wa Makerere walikuwa wamekwisha kuigiza The Black Hermit, tamthilia ya Ngũgĩ, katika Jumba la Taifa la Maonyesho la Uganda, wakati nchi ikisherehekea uhuru. Ukumbi wa namna hiyo ulikuwa na watu wake, wasomi na wakubwa wa mji. Mabadiliko makubwa yalikuja 1965, wanafunzi walipoanzisha kundi la maonyesho la kusafiri, lililopita miji na vijiji vya Uganda na Kenya bila kutoza kiingilio. Walijua kwamba Kiingereza peke yake hakingefika mbali, hivyo walibeba michezo mifupi ya lugha kadhaa, Kiswahili kikiwamo. Hapo ndipo tunapoona kwa mara ya kwanza hadhira ikiibadili kazi kabla hata haijaonyeshwa. Anayemwandikia mwalimu wake huchagua lugha ya mwalimu. Anayejua kwamba kesho atasimama uwanjani, mbele ya wakulima waliotoka shamba na watoto waliopanda miti ili waone vizuri, hana budi kuchagua upya lugha, urefu wa mchezo, mahali pa kuchekesha na mahali pa kunyamaza. Watu wa kijijini hawakuwa na adabu ya ukumbini ya kupiga makofi hata kwa kitu kibovu.

Dar es Salaam ilikuwa na sababu zake za kuwatoa wanafunzi nje. Oktoba 1966 wanafunzi waliandamana kupinga masharti ya kujiunga na Jeshi la Kujenga Taifa, na Mwalimu Nyerere akawafukuza kwa mamia. Miezi michache baadaye, Februari 1967, likaja Azimio la Arusha. Chuo, kilichokuwa kimehamia kilimani, mbali na mji, na kuitwa Mlimani, kililazimika kujiuliza kinamhudumia nani. Katika hali hiyo Idara ya Historia ya Mlimani, ambayo Terence Ranger alikuwa profesa wake wa kwanza, ilibuni kazi ninayoiona kuwa kielelezo bora kuliko vyote vya utafiti wa wanafunzi katika eneo letu. Vita vya Maji Maji vilianza Julai 1905 katika milima ya Umatumbi, vikaenea kusini mwa nchi hadi 1907, na kwa makadirio ya mwanahistoria Gilbert Gwassa viliua watu kati ya 250,000 na 300,000, wengi wao kwa njaa baada ya jeshi la Wajerumani kuchoma mazao na maghala. Nyaraka zilizobaki zilikuwa za upande mmoja: taarifa za maofisa na barua za wamisionari. Upande wa pili ulikuwa vichwani mwa wazee, na wakati ulikuwa hausubiri. Kijana aliyekuwa na miaka kumi na mitano vita vilipoanza, mwaka 1968 alikuwa na sabini na minane.

Mwaka huo Gwassa na John Iliffe, pamoja na wenzao, waliwatuma wanafunzi wa shahada ya kwanza kwenda kuwahoji wazee, wengi wao katika maeneo waliyotoka. Uamuzi huo wa kuwarudisha kwao unastahili kutazamwa kwa makini kuliko ulivyozoeleka kutazamwa. Wanaousifu hutaja lugha, na ni kweli, maana mtafiti aliyejua Kingoni au Kimatumbi hakuhitaji mkalimani. Lakini kulikuwa na jingine. Mwanafunzi aliyeketi mbele ya babu wa kijijini kwao hakuwa msomi kwanza; alikuwa mtoto wa fulani, mjukuu wa fulani, na kabla hajauliza swali lake la kwanza alikuwa amekwisha kuulizwa la kwake. Mzee alijua ukoo wake ulisimama upande gani wakati wa vita, nani alikunywa maji ya dawa ya vita na nani aliwasaidia askari wa Wajerumani. Kwa hiyo mtafiti alikuwa akikaguliwa na hadhira yenye habari kumzidi, ambayo haikuvutiwa hata kidogo na jina la chuo chake. Makala zilizotokana na safari hizo zilichapwa kwenye stensili, zikadurufiwa na kufungwa pamoja mwaka 1969 kama mkusanyo wa Mradi wa Utafiti wa Maji Maji. Kwa macho ni karatasi za kawaida kabisa, wino umekolea hapa na kufifia pale. Wanahistoria wa vita hivyo hawajaacha kuzirejea mpaka leo.

Mwaka huohuo wa 1969 ilitoka Kinjeketile, tamthilia ya Ebrahim Hussein, mzaliwa wa pwani ya kusini aliyesoma Mlimani katika miaka ambayo masomo ya sanaa za maonyesho yalikuwa ndiyo kwanza yameanza pale. Utafiti na sanaa zilikuwa zikichota kisima kimoja. Kinjikitile Ngwale wa Ngarambe, aliyewagawia watu maji na kunyongwa na Wajerumani Mohoro, Agosti 1905, alihojiwa upya mara mbili ndani ya kipindi kifupi: wanahistoria walitafuta alisema nini na ujumbe wake ulipitia njia gani, mtunzi akajiuliza mtu wa namna hiyo anaumiaje anapogundua kwamba neno lake limemponyoka na kuwa mali ya watu. Hussein alieleza wazi kwamba Kinjeketile wake ni kiumbe wa sanaa na hapaswi kuchukuliwa kuwa ndiye yule wa historia. Tahadhari hiyo ina maana tu mahali ambapo yule wa historia naye anatafutwa, na watazamaji wana cha kulinganisha. Siku hizi makongamano yetu huweka utafiti asubuhi na sanaa jioni, baada ya chakula, kama burudani ya wageni. Mlimani ya 1969 haikuwa na mpangilio huo wa kibaguzi, na tamthilia ikafaidika, maana ilidumu katika madarasa ya sekondari ya Tanzania na Kenya kwa miongo.

Hapa msomaji makini atanikatiza. Atasema kazi ya wanafunzi wale haikuwa utafiti huru, kwamba walitumwa wakiwa wamekwisha kupewa jibu. Taifa changa lilitaka kusikia kuwa Maji Maji vilikuwa vita vya makabila yote dhidi ya mkoloni, mbegu ya chama cha TANU, na wanafunzi walileta kilichotakiwa. Pingamizi hilo lina nguvu. Mwaka 1997 Thaddeus Sunseri, akiitazama Uzaramo, alionyesha kwamba masimulizi ya kitaifa yalificha mivutano ya wanaume na wanawake juu ya chakula, kazi na ulinzi wa mashamba dhidi ya nguruwe mwitu. Na mwaka 2010 James Giblin na Jamie Monson walihariri kitabu kizima cha kuvitoa vita hivyo katika ukungu wa masimulizi hayo. Nakubali kwamba maswali ya 1968 yalikuwa na rangi ya wakati wake. Lakini tuangalie wakosoaji walipata wapi sehemu ya silaha zao. Waliweza kubishana na wanafunzi kwa sababu wanafunzi waliacha maandishi yenye majina ya vijiji na maneno ya wazee, yaliyotunzwa maktaba, ambamo mtu wa baadaye angeweza kuona hata yale ambayo mwandishi hakuyapa uzito. Kazi yenye dosari iliyohifadhiwa ikasahihishwa miaka arobaini baadaye imefanya zaidi ya kazi safi iliyopata alama ya juu na kupotea. Kujibiwa si lazima kuwe siku ya wasilisho.

Kujibiwa huko kulikuja haraka zaidi, na kwa hasira zaidi, katika kisa cha Cheche. Jumuiya ya kimapinduzi ya wanafunzi iliyoanzishwa Mlimani mwaka 1967, ambayo Yoweri Museveni alikuwa mwenyekiti wake wa kwanza, ilianza kutoa jarida hilo Novemba 1969 kwa ushirikiano na tawi la Umoja wa Vijana wa TANU chuoni. Wahariri walikuwa wanafunzi, miongoni mwao Karim Hirji, Henry Mapolu na Zakia Meghji. Hirji alikuwa mwanafunzi wa hisabati, jambo dogo linalotukumbusha kwamba mipaka ya vitivo haikuwa na makali yaliyonayo leo. Jarida lilidurufiwa kwa mashine, likauzwa kwa mkono. Mwaka 1970 toleo maalumu lilibeba insha ndefu ya Issa Shivji, aliyekuwa mwanafunzi wa sheria, iliyodai kwamba utaifishaji wa 1967 haukuwa umeung'oa mtaji wa kigeni, na kwamba ndani ya nchi ya Ujamaa kulikuwa na mapambano ya kitabaka yasiyopigiwa kelele. Insha haikuwa na alama, ila ilipata majibu. Walter Rodney aliiandikia maoni, na John Saul, na Tamas Szentes, na Kassim Guruli. Mwaka 1973 Tanzania Publishing House ikaitoa kama kitabu pamoja na maoni hayo. Ni nadra kazi ya mwanafunzi kuchapishwa ikiwa imezungukwa na mabishano yake yenyewe, na kwa maoni yangu mpangilio huo una thamani kuliko insha ikiwa peke yake.

Jibu jingine lilitoka Serikalini. Novemba 1970 jarida na jumuiya vyote vilipigwa marufuku, na moja ya sababu zilizotajwa ni kwamba jina Cheche lilifuata lile la Iskra, gazeti la Lenin, kana kwamba ujamaa wa Tanzania uliagizwa kutoka Urusi. Wanafunzi wa Umoja wa Vijana hawakukata tamaa. Mwaka 1971 wakatoa jarida jingine wakaliita MajiMaji, jina ambalo hakuna ofisa angeweza kulishutumu kuwa la kigeni bila kuchekwa. Mtu anaweza kusema hiki ni kisa cha kushindwa. Nadhani kinathibitisha jambo lilelile kwa njia ya uchungu: dola haihangaiki na mazoezi ya darasani. Marufuku ilikuwa ushahidi kwamba maandishi yalikuwa yametoka getini na kusomwa mjini.

Pingamizi lililo zito zaidi linahusu idadi. Wanafunzi wa vyuo vikuu wa enzi hizo walikuwa tone, wengi wao wanaume, walisomeshwa bure, walilala na kula kwa gharama ya umma, na kila mmoja alijulikana kwa jina na mwalimu wake. Kuwalinganisha na kijana wa leo anayesoma katika darasa la mamia, anayesubiri bumu, yaani fedha za mkopo wa masomo, ili alipe chumba, ni kumwonea. Nakubali, na ndiyo maana sisemi kwamba turudi kwenye stensili. Ninachosema ni kwamba uchache haukuzaa Cheche peke yake. Madarasa madogo yapo duniani kote na mengi hayaachi alama yoyote. Tena hoja hii ya idadi, ikifuatwa hadi mwisho, inakuwa hoja ya kuutetea mtandao, kwa kuwa ndicho chombo cha kwanza chenye uwezo wa kuwapa maelfu ile nafasi waliyokuwa nayo wachache.

Lakini mtandao wenyewe haukuja katika vyuo vyetu kwa sura hiyo. Chuo Kikuu cha Afrika cha Mtandaoni, mradi ulioanzishwa na Benki ya Dunia 1997 na kuhamishiwa Nairobi 2002, kilianza kwa kurusha mihadhara kwa setilaiti kutoka ng'ambo; mwanafunzi wa Kiafrika aliwekwa upande wa kupokea. Kebo ya SEACOM ilipofika Mombasa na Dar es Salaam Julai 2009, gharama ya kutuma picha na sauti kwenda nje ilianza kushuka, na kwa mara ya kwanza mkondo uliweza kwenda pande zote mbili. Bado vyuo viliutumia mtandao zaidi kwa usajili, matokeo na barua pepe. Ilihitajika Korona. Machi 2020 vyuo vya Tanzania na Kenya vilifungwa. Vya Tanzania vikafunguliwa 1 Juni, vya Kenya vikakaa zaidi. Kwingineko mambo yalikuwa hayohayo: kongamano la kitaifa la utafiti wa wanafunzi wa shahada ya kwanza nchini Marekani, linalofanyika tangu 1987, lilifutwa 2020, na 2021 likafanyika lote mtandaoni. Kilichoanza kama dharura kikageuka desturi, kwa sababu ya wazi: nauli. Kongamano la ana kwa ana lilimtaka mwanafunzi wa Mwanza au Bujumbura atafute basi la siku nzima au zaidi, malazi na ada ya ushiriki. La mtandaoni humtaka atafute bando na mahali penye utulivu. Hata hilo si dogo, na wapo wanaowasilisha wakiwa wamezima kamera ili data isiishe kabla ya slaidi; ila pengo kati ya gharama hizo mbili ni kubwa mno kupuuzwa na mtu anayedai kujali usawa.

Basi mtandao umeshinda kwa upande wa mlango. Nikirudi kwenye kipimo changu, naona umeshindwa, hadi sasa, kwa upande wa nani anayeingia. Linki hutumwa kwa watu walewale: wasimamizi, wanafunzi wenza wa mwasilishaji, na wachache wa idara jirani. Utafiti wa visima unawasilishwa bila mwanakamati hata mmoja wa maji wa kijiji chenye visima hivyo, ingawa naye ana simu mfukoni. Kwa kiasi kikubwa ni suala la lugha ya ikisiri. Wanafunzi wa Kiswahili wamejitahidi zaidi hapa. Chama chao cha vyuo vikuu vya Afrika Mashariki, CHAWAKAMA, kimekuwa kikiwakutanisha vijana wa nchi mbalimbali wawasilishe makala kwa lugha ambayo mpishi wa bweni anaweza kuifuata akitaka kusikiliza. Katika fani nyingine nyingi mwanafunzi anafanya utafiti kwa Kiswahili, anahoji kwa Kiswahili, kisha anawasilisha kwa Kiingereza kwa watu wenye Kiswahili fasaha. Kosa la 1962 linaendelea kutendwa na watu wasiolazimishwa na mkoloni yeyote.

Upande wa hifadhi unashangaza zaidi, kwa kuwa hapo mashine ya leo ilipaswa kuishinda ya jana kwa mbali. Kikao hurekodiwa, rekodi hukaa katika akaunti ya mhadhiri mmoja au ya ofisi iliyolipia huduma kwa mwaka, akihama au malipo yakisimama, linki hufa. Programu ya siku ile haichapishwi, maswali yaliyoandikwa pembeni hayahifadhiwi na yeyote. Atakayetaka mwaka 2060 kubishana na mwanafunzi wa leo kuhusu yale aliyoyasema juu ya visima vya Kilosa atakuta kichwa cha mada tu, pengine ndani ya tangazo la WhatsApp. Kazi ya kuzuia hilo ni ya mkutubi, na gharama yake ni ndogo: rekodi iwekwe katika hazina ya maktaba, pamoja na makala yenyewe, orodha ya waliohojiwa kama waliridhia, na maswali yaliyoulizwa pamoja na majibu. Idara ya Historia ya Mlimani ilifanya sehemu kubwa ya hayo mwaka 1969 kwa stensili na uzi wa kufungia karatasi.